Kila Kitu Umoja Kinapiga Kelele Isipokuwa Laptopu Yangu

Ninakaa Umoja Innercore, mahali ambapo kimya kikizidi dakika tano watu hutoka kwenye roshani kuuliza nani amefariki. Siku inaanza na adhana, ambayo sina neno nayo, maana ni fupi na ina sababu. Baada ya hapo anakuja makanga anayepiga bodi ya matatu kwa kiganja, akiwaita abiria wa tao ambao bado wako kitandani. Anapita jamaa wa mkokoteni wa maji. Anapita mnunuzi wa vyuma vikuukuu na kile kipaza sauti chake kilichorekodiwa mara moja tu, enzi ambazo hakuna anayezikumbuka, kinachotaja betri mbovu, sufuria mbovu, pasi mbovu, mpaka unaanza kuhofia kwamba na wewe umo kwenye orodha. Mchana chekechea ya ghorofa ya chini inafundisha irabu kwa kupayuka. Jioni nyumba ya nne wanajaribu wufa. Ijumaa ni kesha.

Serikali ina habari. Kuna kanuni za kuzuia kelele, za 2009, zinazosema kwamba usiku kwenye makazi ya watu sauti isizidi desibeli 35. Mimi hiyo desibeli ya 35 sijawahi kukutana nayo huku. Nadhani ilishika Outer Ring Road ikaelekea Runda, na ikipatikana huko hairudi. Katika ploti yetu yote, mpangaji mmoja tu ndiye anayezitii kanuni hizo usiku na mchana, na mpangaji huyo ni laptopu yangu.

Haitoi sauti. Hata kikohozi.

Na mimi, kati ya watu wote wa Nairobi, kazi yangu ni kusikiliza. Napokea rekodi za Wamarekani wakizungumza, mahojiano, mikutano, mabishano ya bima, naziandika neno kwa neno, kisha nalipwa kwa dakika ya rekodi. Dakika zangu mwenyewe hazimo kwenye hesabu. Vijana wengi wa mitaa hii wanaishi kwa kazi za aina hiyo. Pita kwenye korido zetu usiku wa manane utasikia kibodi zikichapa nyuma ya milango, kwa sababu Marekani ndipo panapokuwa mchana.

“Si utumie simu?” Hilo ndilo shauri la kwanza la kila mtu, na wote hulitoa kwa uso wa mtu aliyegundua moto. Simu inasikika, nakubali. Lakini rekodi ya mteja inakaa ndani ya tovuti yake, na tovuti hiyo inataka kompyuta, kwa sababu unaisimamisha na kuirudisha nyuma kwa vitufe huku vidole vikiendelea kuandika. Mwenye mikono minne aendelee na simu.

Laptopu yenyewe ni ile tunayoiita ex-UK: ilifanya kazi ofisini Uingereza mpaka ikachoka, ikapanguswa, ikasafirishwa hadi Nairobi kuja kutafuta maisha, kinyume kabisa na mpango wa vijana wetu. Niliichukua kwenye duka moja la tao ambalo sitalitaja, kwa kuwa waranti yao ilikuwa ya mdomo na mdomo wenyewe umehama. Ilikuja na Windows iliyokuwa ikinikumbusha kila saa kwamba si halali. Kijana wa saiba, pale karibu na Moi Drive, akanihurumia.

“Mzee, achana na hiyo kitu. Nitakuwekea Linux. Ni ya bure, virusi hazikusumbui, na hakuna mtu atakuuliza leseni.”

Yote aliyosema ni kweli. Hakusema tu kwamba haiongei.

Ubaya wa ugonjwa huu ni kwamba mgonjwa anakataa kuwa anaumwa. Kifaa kikifa, kinakufa. Unajua moja, unakwenda kwa fundi. Hii laptopu unaifungulia rekodi, na sekunde zinahesabika. Kule kwenye mipangilio kijistari cha sauti kinaruka juu na chini kwa furaha zote. Volyumu imeandikwa asilimia 100. Hakuna ujumbe wa kosa wala alama nyekundu. Kompyuta ina hakika kabisa kwamba inapiga muziki, na anayebisha ni masikio yako.

Mpangaji yeyote wa Eastlands ameshaionja hali hii kwenye maji. Ukiuliza jijini, maji yalifunguliwa Alhamisi. Ukimuuliza mwenye ploti, tangi la juu limejaa. Ukimuuliza keateka, koki ya ghorofa yenu iko wazi, anakuonyesha na funguo. Kila mmoja ana ushahidi, kila mmoja amesema kweli, na wewe umesimama na beseni. Sauti ndani ya Linux inateremka hivyo hivyo, kutoka mkono mmoja hadi mwingine, na kila mkono una koki yake.

Nilikaa nikauliza hao wenye koki ni akina nani. Ni ukoo mrefu. Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, alitangaza kerneli yake, kiini cha Linux, 1991, zama ambazo kompyuta ya kawaida ilijua kulia “pii” na basi. Ukitaka sauti ya maana ulinunua kadi ukaichomeka. Mfini mwenzake, Hannu Savolainen, akaandika draiva za kadi hizo, zikaja kuitwa OSS. Kwa kadi nyingi, programu moja ikishaishika sauti, nyingine zilisubiri nje. Akaja Jaroslav Kysela wa Jamhuri ya Czech na ALSA yake, ikaingizwa ndani ya kerneli 2.6 iliyotoka Desemba 2003. Mwaka 2004 Mjerumani Lennart Poettering akaanza kujenga kilichokuja kuitwa PulseAudio, ghorofa nyingine juu ya ALSA, ili programu nyingi ziongee kwa pamoja. Ubuntu, mojawapo ya aina za Linux, iliipokea 2008 katika toleo la 8.04, na kwa miaka kadhaa watumiaji wakawa wanamtaja Poettering kwa lugha ambayo gazeti hili halichapishi. Halafu Wim Taymans akaleta PipeWire. Fedora 34, aina nyingine ya Linux, ikaikumbatia 2021, na Ubuntu ikafuata kwa toleo la 22.10.

Sasa tazama jambo linaloniudhi. Katika ukoo huu waliokuja nyuma hawamfukuzi mzee. Wanajenga juu yake. Kwenye mashine yangu PipeWire ndiye bosi, lakini programu za zamani zikimwita kwa jina la PulseAudio anaitika. Wote wawili, pamoja na majivuno yao, hawagusi kadi. Anayeigusa ni ALSA, aliyekaa chini tangu enzi za Kibaki. Chini ya ALSA kuna draiva, na chini ya draiva kuna kisa kingine kizima. Laptopu nyingi hufuata kiwango cha sauti kilichotolewa na Intel 2004, ila kila mtengenezaji anaunganisha spika na matundu yake anavyopenda, kisha anamwachia draiva abahatishe. Ndiyo maana mle ndani ya kerneli kuna orodha ndefu ya laptopu na tabia zao mbaya: hii spika zake ziko pini isiyo yake, ile maikrofoni yake imepinduliwa. Kila mstari wa orodha hiyo ni kilio cha mtu fulani aliyekaa kimya nyumbani kwake mpaka akasikika. Nimeona fahari kidogo kujua tuko wengi. Haikunisaidia.

Kijana wa saiba alipokuja kuitazama hakujali ukoo. Alisimama mlangoni, akauliza kama nimeizima nikaiwasha, nikamjibu kwa staha. Akaketi.

“Shida ni hii PipeWire, mzee. Hizi vitu mpya husumbua. Wacha tuitoe, turudishe ile ya kitambo.”

Akaandika amri. Kompyuta ikamwuliza kwa urefu kama ana hakika, ikamworodheshea vitu vyote vitakavyoondoka pamoja na PipeWire, skrini nzima ya majina. Hakusoma hata moja. Akabonyeza Y kwa kidole kile kile ambacho huwabonyezea watu fomu za serikali. Orodha ile ilikuwa na vyumba, milango na paa: tulipowasha tena, hapakuwa na picha, hapakuwa na menyu, palikuwa na skrini nyeusi na kimstari kinachopepesa.

“Sasa iko safi,” akasema.

Kuirudisha kulikula bando langu la wiki. Na iliporudi, kwenye mipangilio ya sauti pakatokea maneno mapya: Dummy Output. Maana yake ni kwamba mfumo haukuona kadi yoyote, basi ukajitungia ya kubuni, isiyo na spika wala waya, ili programu zisijisikie vibaya. Niliipenda kidogo hali hiyo, kwa kuwa ndiyo mara ya kwanza kompyuta hii ilikiri kwamba haina sauti. Kijana akarekebisha, kadi ikaonekana tena, na uongo ukarejea mahali pake. Nikaona pale kwenye orodha ya vifaa pameandikwa Headphones, hedifoni, na mimi sina hedifoni nyumba hii. Nikamwuliza.

“Hilo ni jina tu, mzee.”

Muweke akilini huyo kijana na hilo jina.

Nilimwita pia ndugu anayesimamia mitambo ya sauti ya kanisa la ghorofa ya kwanza. Huyu ni mtu aliyeweza kufanya mahubiri ya Umoja yasikike mpaka Kariobangi South. Nikajua kwake sauti si tatizo. Akaitazama laptopu kutoka kila upande akitafuta waya. Alipokosa waya akaonekana kupoteza imani kidogo. Alinishauri niizime, nichomoe chaji, nisubiri, niwashe, jambo ambalo si upuuzi, kwani Windows ikiwa imebaki kwenye mashine hiyo hiyo huwa na mtindo wa kuzima nusu na kuiacha kadi katika hali ambayo Linux inashindwa kuiamsha. Yangu Windows ilishafutwa. Akaniombea, akaondoka na chaja yangu kwa bahati mbaya, akairudisha jioni.

Nikabaki mimi na mwongozo. Amri inayoitwa aplay ina namna ya kukuorodheshea kadi zote ulizonazo, na ndipo nikaona kwamba nina mbili: moja ya spika, nyingine ya HDMI, tundu la kupelekea picha na sauti kwenye runinga. Ya HDMI ndiyo iliyokuwa imewekwa mbele. Kwa hiyo wale Wamarekani wangu walikuwa wakihojiwa vizuri kabisa, kwa volyumu yote, kuelekea runinga ambayo sina. Nikaielekeza sauti kwenye kadi ya pili. Kimya. Koki moja imefunguka, maji yamesonga futi tatu, yamekuta nyingine.

Inayofuata inaitwa alsamixer. Ukiifungua inakuonyesha mnara mmoja tu wa sauti, umejaa mpaka juu, ili ufurahi uende zako. Minara ya kweli iko nyuma, mpaka ubonyeze F6 uchague kadi kwa mkono wako. Hapo inajipanga safu nzima, Master, Headphone, Speaker, na ndugu zao, na chini ya kila mmoja kuna herufi. Sufuri mbili maana yake wazi. MM maana yake amenyamazishwa. Chini ya Speaker palikuwa na MM. Nikabonyeza M, zikaja sufuri mbili, nikapandisha mnara. Nikagusa volyumu ya kawaida kidogo tu nione kama imekubali. MM zikarudi. Nikafungua tena. Ikafunga. Mtu yeyote aliyewahi kugombana na keateka juu ya koki ya usiku anajua tulikuwa tumefika wapi.

Na hapa niseme juu ya kujaribu sauti ukiwa Eastlands, kwa sababu hao walioandika miongozo waliandikia vyumba vya Ulaya. Wanakwambia: endesha speaker-test, kisha usikilize. Usikilize nini? Programu hiyo inatamka kwa Kiingereza “mbele kushoto”, inatulia, inatamka “mbele kulia”. Nikaiendesha, nikainamisha kichwa, na nikasikia waziwazi mtu akisema “kushoto!” Nikaruka. Nilikuwa nimeshafika mlangoni kumpigia kijana kelele za ushindi kabla sijatambua kwamba kompyuta haijui Kiswahili. Alikuwa makanga, akimwambia dereva awekee mama kushoto pale stejini.

Nikajaribu ile aina nyingine ya sauti, ya mkwaruzo mrefu usio na maneno. Nikasikia mkwaruzo. Ulikuwa mandazi, kwa jirani, mafuta yakiwa yameshika moto wake. Nikasubiri usiku, kulikuwa na kesha. Nikasubiri usiku wa pili. Nyumba ya nne walikuwa na birthday ya mtoto wa mwaka mmoja ambaye, kwa muziki uliochaguliwa, ana mambo mengi ameyapitia. Mitaa hii ndiyo iliyotupa Kalamashaka kutoka Dandora, Jua Cali na wenzake wa Calif Records pale California, na Ethic kutoka Umoja hii hii, walioitikisa nchi 2018 kwa “Lamba Lolo”. Sauti hapa si bidhaa adimu. Inamwagika mpaka kwenye ngazi. Mimi nilikuwa naomba kijiko kimoja.

Halafu, Jumanne usiku, stima ikapotea.

Ikapotea yote, kutoka Kangundo Road mpaka sijui wapi. Wufa ikakatika katikati ya neno. Feni ya kinyozi ikafa. Watoto wakapiga ule ukelele mmoja wa kawaida, halafu, kwa muda, mtaa ukawa hauna kitu. Nikajua ndiyo hiyo, desibeli ya 35, imetembelea nyumbani. Betri ya laptopu ya ex-UK ina subira ya dakika chache tu, kwa hiyo sikutafuta mshumaa. Niliiendesha speaker-test gizani, nikalaza shavu juu ya kibodi, sikio kwenye vijitundu vya spika, pumzi nimeishika.

Mwanzoni mwa kila neno kulikuwa na “tik”. Ndogo sana, ya mdudu anayetua kwenye karatasi. Tik, kimya, tik, kimya. Neno lenyewe halikuwapo, lakini mlango wake ulikuwa unafunguliwa na kufungwa. Mtu alikuwa nyuma ya spika! Nilitaka kusikiliza zaidi, lakini stima ikarudi, mtaa mzima ukapiga “Wooooi!”, na wufa ikaendelea na lile neno lake mahali pale pale ilipoliachia.

Asubuhi nikateremka kwa fundi wa wufa. Ana kibanda chini ya ngazi, cha futi sita kwa nne, na redio zilizokufa zimepangwa mpaka dari. Hajui Linux na hataki kuijua. Nikamwambia habari za tik.

“Hiyo spika ni nzima, mkubwa. Spika ikiungua haitiki. Hiyo imenyimwa.”

Neno hilo nilitaka kumkumbatia. Imenyimwa! Hakuna mwongozo wowote niliosoma uliofika karibu na hapo. Akachukua hedifoni zake zilizofungwa kwa utepe mweusi, akazisukuma kwenye tundu la laptopu ili asikilize kwa njia ya pili. Hazikuingia mpaka mwisho. Akazizungusha, akasukuma, akazitoa, akawasha tochi ya simu, akachungulia kwa jicho moja. Akanyamaza kwa ule muda ambao mafundi hunyamaza kabla ya kutaja bei.

“Kuna mtu alivunjikia humu.”

Nikachungulia. Ndani kabisa, inang'aa, ncha ya pini ya hedifoni.

Hapo kila kitu kikajipanga. Tundu la hedifoni kwenye laptopu lina swichi ndogo ndani. Ukichomeka pini, swichi inasukumwa, na kadi inaarifiwa kwamba mtu amevaa hedifoni, kwa hiyo spika zinyamaze asisumbue wenzake. Ni adabu nzuri. Lakini ncha ikikatikia mle, swichi haiachiwi tena. Kompyuta yangu iliamini, kwa moyo safi, tangu siku niliyoinunua, kwamba nimevaa hedifoni. Kila nilipoifungua Speaker, mfumo uliona mtu aliyevaa hedifoni anataka kusumbua ofisi, ukaifunga tena kwa heshima. Na lile jina kwenye orodha, la Headphones, halikuwa jina tu, kijana wangu. Lilikuwa ripoti.

Sina nongwa na Waingereza. Waliondoka 1963 wakatuachia Kaloleni, Ziwani na Shauri Moyo, nyumba za baraza ambazo tangu hapo tumekuwa tukibishana nani azipake rangi. Lakini kwamba miaka sitini na kitu baadaye kuna karani mmoja kule kwao, ambaye sitamjua maishani, aliyekanyaga waya wa hedifoni yake akasema pole-kidogo kisha akaendelea na chai, na kwa kitendo hicho akanyamazisha mwanamume mzima Umoja Innercore, hilo sijaandaliwa kulikubali. Duka nalo walikuwa wamenihakikishia kwamba mashine imekaguliwa kila tundu.

Fundi alikuwa na dawa: kijiti cha meno, tone la supaglu kwenye ncha, unakigusisha, unahesabu, unavuta. Nikamwuliza ikikosea itakuwaje.

“Ikikosea, kijiti pia kinabaki ndani.”

Nikakataa. Nikarudi juu kwa alsamixer nikiwa na hasira za mtu mwenye habari kamili. Ukisogea na mshale kulia, ukaipita minara yote hadi mwisho ambako kijana wa saiba hakuwahi kufika, kuna kidude kisicho na mnara, kimeandikwa Auto-Mute Mode. Kilikuwa Enabled. Nikakifanya Disabled. Nikaenda kwenye mipangilio, nikaacha kumwamini mwenye hedifoni, nikachagua Speakers.

Naomba mkumbuke kwamba kufikia hapo nilikuwa nimefungua kila koki ya ukoo mzima, kutoka Helsinki hadi PipeWire, zote asilimia 100. Mwanamke wa Marekani akatoka mle ndani kwa nguvu za mnada akieleza jinsi mvua ya mawe ilivyoharibu paa lake. Chekechea chini wakanyamaza katikati ya irabu. Mama mboga akaniita kutoka getini, “Kastoma, kuna nini huko?” Na keateka akapiga hodi, mikono kiunoni.

“Mkubwa, punguza kidogo. Nyumba ya nne wanalalamika.”

Nyumba ya nne!

Nikapunguza. Kisha nikaandika amri ya kuihifadhi hali hiyo, alsactl store, kwa sababu usipoiambia ikumbuke, ukiizima na kuiwasha inaweza kurejea kwenye adabu zake za Kiingereza. Fundi alipanda jioni kudai mia tano ya kuchungulia. Nikamwambia hakurekebisha kitu. Akasema aliyeona ndiye aliyerekebisha, mengine ni kubonyeza. Tukaelewana kwa mia tatu na masharti kwamba nitamwekea Linux kwenye kompyuta ya dada yake, jambo ambalo sitalifanya mpaka nichungulie matundu yake yote. Yule ndugu wa mitambo naye amesikia habari; anasema projekta ya kanisa ina shida, na kesha ni Ijumaa, na mimi sasa ni mtu wa mambo haya. Kijana wa saiba anawaambia wateja kwamba alinitengenezea.

Basi nimekaa kazini. Rekodi ya kwanza iliyokuwa ikinisubiri ni ya mkutano wa bima, watu saba wanaongea kwa pamoja kupitia simu moja iliyowekwa mezani, mmoja anakula kitu kinachovunjika, na mwingine ameketi na mbwa wake. Mteja ameandika kwa herufi kubwa kwamba hataki kuona mahali palipoandikwa “haisikiki”.

Mbwa ndiye ninayemsikia vizuri.